Hongera za Njiani

Dugald Carmichael alikuwa hajavaa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, kwa miaka mingi, na asubuhi ile ya Jumamosi mkanda ulimfika kwa shida, tena kwenye tundu la mwisho. Alijitazama kwenye kioo cha nyumba yake pale Glasgow akaona mtu mnene ndani ya vazi la mtu mwembamba: marinda ya kijani na buluu, soksi za sufu mpaka magotini, mkoba wa ngozi ukining'inia mbele, chini ya kitambi. Angeachiwa hiari yake angevaa suti nyeusi na mambo yakaisha; kilti siku hizi watu huivaa zaidi harusini. Lakini kaka yake, Sorley, alishamwonya. Siku waliyomzika baba yao Dugald alikwenda na suruali, na Sorley akamnong'oneza pale pale kaburini, mchungaji akiwa bado anaomba: "Siku yangu ukija na suruali, naamka."

Sasa siku ya Sorley ilikuwa imefika. Moyo wake ulisimama akiwa zizini, katikati ya kondoo wake, na mbwa ndiye aliyekwenda nyumbani kubweka mpaka watu wakatoka. Mkewe, Effie, alimpigia Dugald simu, sauti yake kavu kama ya mtu anayeagiza unga dukani.

"Kamba ya kwanza ya kuteremshia jeneza ni yako, shemeji. Ya kichwani. Nimeshawaambia watu wa mazishi. Ibada saa sita, makaburini saa saba. Usichelewe."

"Sichelewi," alisema Dugald.

Yeye ni dereva wa basi. Kuchelewa ni jambo analolaumiwa kila siku, si jambo analolifanya. Gari la kwake hakuwa nalo. Mtu anayezungusha usukani wiki nzima hana hamu ya kukuta mwingine unamsubiri nyumbani. Basi akaamua kwenda kwa treni ya asubuhi, ambayo ingemfikisha karibu na kijiji chao, Kilvarra, na muda wa kunywa chai ukabaki. Tai nyeusi akaitia mfukoni, maana kola ilikuwa inamkaba na safari ilikuwa ndefu. Akatoka hivyo, shingo wazi, magoti wazi.

Usiku kucha upepo ulikuwa umevuma, na Dugald anaijua reli ya milimani. Kwa hiyo alipofika stesheni alimwendea mlinzi wa geti, mtu wa makamo mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri.

"Samahani, bwana. Treni ya kaskazini iko salama? Huu upepo wa jana—"

"Upepo!" Mlinzi alirudi nyuma hatua moja ili amwone vizuri kuanzia juu mpaka chini. "Wewe kweli una haki ya kuuogopa upepo! Nani anaoa leo?"

"Nilikuwa nauliza treni."

"Na jibu ninalo, ila na mimi nina swali langu. Ndani kuna kitu, au ni wewe na Mungu wako tu?" Akamgeukia mwenzake wa geti la pili. "Jock! Njoo umwone bwana harusi!"

Watu wa nyuma wakaanza kucheka. Dugald alihisi masikio yakimchoma. Akapitisha tiketi, geti likafunguka, na mlinzi akampigia saluti kama ya jeshini. "Pita, mfalme! Treni yako inakusubiri!"

Baadaye ndipo alipokuja kujua kwamba abiria aliyekuwa nyuma yake, mtu wa suruali ya kijivu, aliuliza swali lile lile na akajibiwa kwa adabu kwamba kuna taarifa ya mti kuegemea reli karibu na Inverlochan, na kwamba kama ana haraka achukue basi linaloondoka pale nje. Mtu yule alichukua basi. Dugald alichukua treni.

Ndani ya treni alikaa dirishani, akayapanga marinda chini ya mapaja, akatazama nje. Mji ukaisha, mabonde yakaanza. Mwanamke anayesukuma kitoroli cha vinywaji alipofika kwake, alisimama na kuweka mikono kiunoni.

"Ahaa. Nilijua tu leo nitampata mmoja."

"Chai, tafadhali, dada. Ya maziwa."

"Chai? Siku kama ya leo?" Akainama, akatoa kichupa cha wiski, akakiweka mezani mbele yake. "Hii natoa mimi. Unaenda harusi ya nani?"

Hapa ndipo neno lilipomkwama. Toka simu ya Effie, Dugald alikuwa hajalitamka neno lenyewe. Kazini alisema ana mambo ya kifamilia. Jirani alimwambia anakwenda nyumbani mara moja. Neno lilikuwa limekaa kooni kama mwiba wa samaki, na alijua kwamba likitoka, vitu vingine vingi vitatoka nalo, mbele za watu, ndani ya treni.

"Nakwenda kwa kaka yangu," alisema.

"Kaka ndiye anayeoa! Jamani, mwisho mwisho amepatikana!" Mwanamke alipiga makofi, na behewa zima likapiga naye. "Hongera! Hongera sana!"

Chai hakupata. Kitoroli kilishaondoka, na alipokiita, mwanamke alimpungia mkono na kumkonyeza.

Kisha ikaja familia ya watalii, baba, mama na bibi mmoja aliyevaa kofia ya kuzuia mvua, wakaomba picha. Walisema hawajaona kilti ya kweli toka wafike, ila za madukani. Wakamsimamisha dirishani. Bibi akamshika mkono kama mchumba. "Tabasamu," wakamwambia, naye akatabasamu. Picha hiyo ipo mahali fulani duniani mpaka leo: mtu mnene anayekwenda kumzika kaka yake, ametoa meno, na milima iko nyuma yake.

Inverlochan treni ilisimama na haikuondoka tena. Mti ulikuwa umeanguka kweli, mkubwa, umelala juu ya reli na mizizi yake hewani. Abiria wote wakateremshwa. Kulikuwa na mvua nyembamba ya pembeni, ile isiyoonekana ila inalowesha. Dugald alitazama saa ya ukutani, akaona kwamba ibada ameshaikosa. Makaburi angeweza bado kuyawahi, kama angepata gari mara moja.

Msimamizi wa stesheni alikuwa msichana aliyevaa koti la njano linalong'aa, jina lake, Iona, limeandikwa kifuani. Alikuwa amesimama juu ya benchi akipaza sauti. Basi dogo moja tu ndilo lililopatikana kwa sasa; la pili lingekuja baadaye, hajui lini. Wagonjwa mbele, wenye meli ya kuwahi mbele, wengine wavumilie. Alifanya kazi yake vizuri, hilo Dugald alikiri hata katika hasira yake. Mama mwenye miadi ya hospitali alipandishwa. Kijana mwenye mguu wa plasta alipandishwa. Kila mtu alisikilizwa, akajibiwa.

Zamu yake ikafika.

"Dada, mimi ninakwenda Kilvarra, na ni lazima nifike kabla ya saa saba."

Iona alimtazama, na uso wake, uliokuwa wa kazi muda wote, ukalegea ukawa wa shangazi shereheni. "Wewe hata usihofu! Harusi haianzi bila jamaa. Watakusubiri. Kaa pale ndani kuna joto."

"Hawawezi kunisubiri."

"Bi harusi mwenyewe atachelewa, niamini. Mimi dada yangu alichelewa mpaka mchungaji akalala."

Dugald alisogea pembeni. Akaitoa tai nyeusi mfukoni, akaifunga palepale kwenye mvua bila kioo, akaikaza mpaka kola ikamkaba vizuri. Sasa wataona, alijiambia. Hakuna mtu wa nchi hii asiyeijua maana ya tai nyeusi. Akarudi mbele ya Iona, akasimama wima.

Iona aliiona. Akacheka, si kwa ubaya. "Ona! Ameshavaa tai ya kuuzika ujana wake!"

Foleni ikaangua kicheko.

"Ni msiba!" alisema Dugald. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, ikapasuka katikati. "Mimi naenda msibani!"

Nao wakazidi kucheka. Mzee mmoja mwenye mwavuli alimpiga begani, "Kila ndoa ni msiba, ndugu yangu, mimi nina wa miaka thelathini na mitano," na mkewe akamchapa mzee huyo kwa mkoba, na kicheko kikapanda tena. Dugald alisimama katikati yao akiwa amefumbua mdomo. Alikuwa amelitoa neno, kwa jasho na uchungu wote ule, na wamelipokea kama kichekesho. Hakuwa na neno jingine zaidi ya hilo.

Basi dogo likaondoka. Nafasi ya mwisho alipewa mwanamume aliyekuwa anawahi kuona mashua anayotaka kuinunua.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na hoteli kubwa ya mawe. Dugald aliivuka barabara karibu akikimbia, mkoba ukimgonga mapajani. Kwenye simu alimtafuta Effie. Simu ikaita mpaka ikakatika. Bila shaka ameizima sauti, yuko kanisani. Mlangoni mwa hoteli kulikuwa na maputo meupe na bango la majina mawili ndani ya moyo mwekundu, na Dugald alipoliona bango hilo alitoa tusi moja kwa sauti ya chini, tusi alilofundishwa na Sorley walipokuwa wadogo.

Msichana wa mapokezi alikuwa ameshampokea kabla hajafunga mlango. "Karibu! Upande wa bwana harusi au wa bi harusi?" Akamtia bilauri ya mvinyo mkononi.

"Sio wa upande wowote. Nataka teksi."

"Teksi zetu mbili zimechukuliwa na wapiga picha. Lakini sherehe ni hapahapa, hakuna haja ya—"

"Dada, nisikilize. Tafadhali. Nisikilize kidogo tu."

"Nakusikiliza, bosi wangu. Wanaume wote wako ukumbi wa kushoto, na choo—"

Dugald aliiweka bilauri juu ya kaunta. Alikuwa amechoka. Kutoka asubuhi alikuwa anausukuma mlango ambao kila mtu alimwambia unafunguka upande wa pili. Akamtazama yule msichana mwenye uso mzuri, uliojaa nia njema, akaona kwamba akimwambia ukweli atacheka, au atasema pole huku bado anatabasamu, na la pili lingekuwa baya zaidi.

"Kuna harusi nyingine," alisema. "Kilvarra. Ya kaka yangu. Mimi ndiye msimamizi." Akagusa mfuko wa koti. "Pete ziko kwangu."

Msichana aliweka mkono mdomoni. "Pete!"

"Wameshaanza."

"Mungu wangu! Tam!" Alikuwa ameshatoka nyuma ya kaunta anakimbia korido. "Tam! Acha hivyo viti! Leta gari! Kuna mtu hapa ana pete!"

Hakuna mtu aliyewahi kumhudumia Dugald Carmichael namna ile maishani mwake. Mlango ulifunguliwa na watu wawili. Mwavuli ulishikwa juu ya kichwa chake. Mpishi alitoka jikoni kumtakia heri. Meneja, mwanamume mrefu mwenye jasho kwenye paji la uso, alikataa hata kusikia habari ya malipo: "Siku kama hii? Ondoka, ondoka!" Gari la hoteli, lililopambwa kwa utepe mweupe kwa ajili ya maharusi wao wenyewe, likaletwa mpaka ngazini, na Dugald akapandishwa nyuma.

Dereva, Tam Galbraith, alikuwa mtu mfupi anayeendesha gari kwa kasi na kuongea kwa kasi zaidi.

"Kaka yako anaoa akiwa na umri gani, kaka?"

"Sitini na tatu."

"Sitini na tatu! Shujaa huyo! Na mke?"

Dugald akafikiria. "Effie. Wamejuana siku nyingi."

"Heri hivyo. Mimi wangu nilimjua wiki mbili, na ningekuwa na ya tatu nisingemwoa." Akacheka mwenyewe. "Ni mtu wa namna gani, kaka yako?"

Lilikuwa swali la kwanza la siku nzima ambalo Dugald alitaka kulijibu. Akasema kwamba Sorley ni mtu mgumu, mbishi, anayewapa kondoo majina ya wanasiasa kisha anawatukana. Kwamba hajawahi kufika Glasgow zaidi ya mara chache na kila mara alirudi siku hiyohiyo. Kwamba wakati Dugald alipoachwa na mkewe, Sorley alipiga simu kila Jumapili, akazungumzia mvua, mvua tupu, hakutaja kitu kingine, kwa mwaka mzima. Alikuwa anasema "ni", na "anawatukana", kama mtu aliye hai, na kila alipotamka hivyo kitu kilimchoma chini ya mbavu. Tam alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha.

"Mtu safi. Atakuwa mume mzuri."

"Amekuwa," alisema Dugald, akageukia dirisha.

Walipoingia Kilvarra kanisa lilikuwa limefungwa na uwanja wake hauna gari hata moja.

"Tumechelewa!" Tam aliguta. "Wapi sasa? Ukumbini?"

"Panda juu. Kilimani."

"Harusi ya nje! Na mvua hii! Hawa watu..." Tam alikata kona, akapandisha kilima, kisha mguu wake ukatoka kwenye mafuta wenyewe, na gari likaanza kupungua mwendo. Mbele yao lilisimama gari refu jeusi, mlango wa nyuma uko wazi. Ukuta wa mawe. Watu wengi wamesimama vichwa wazi kwenye mvua, na misalaba imetapakaa katikati yao.

Tam alisimamisha gari. Alitazama utepe mweupe uliokuwa unapepea mbele ya kioo chake. Kisha akamtazama Dugald kwenye kioo kidogo cha ndani, akaiona tai.

"Ungesema," alisema taratibu.

"Nilisema."

Akatoka, akapita kwenye geti akiteleza nyasini. Wanaume walikuwa wameshasimama kuzunguka kaburi, kila mmoja na kamba yake mkononi. Ya kichwani ilikuwa imeshikwa na Effie mwenyewe, kwa mikono miwili, na msimamizi wa mazishi alikuwa anamwinamia akimwomba kwa upole amwachie mtu mwingine, naye hamtazami hata kidogo. Alimwona Dugald anakuja. Akamngoja mpaka alipofika karibu kabisa, akatazama magoti yake yaliyolowa, akamkabidhi kamba.

"Nilikwambia usichelewe."

Dugald akaishika. Sorley alikuwa mzito. Hilo ndilo jambo Dugald analolikumbuka, kwamba kamba ilimvuta mbele kwa nguvu, kama alivyokuwa akivutwa na Sorley mwenyewe walipokuwa wakishindana kuvutana kamba kwenye mto, na kwamba alirudisha mguu nyuma akakaza. Wakamteremsha polepole.

Baada ya hapo kulikuwa na pai ya nyama kwenye ukumbi wa kijiji, chai, na wiski kwa wanaotaka. Effie alikwenda mwenyewe kumtoa Tam kwenye gari lake, maana alikuwa amejificha humo kwa aibu, akamkalisha mezani na kumpa sahani. Haikupita muda, Tam akawa anawasimulia watu habari za pete, na watu waliokuwa wanalia wakawa wanashika mbavu. Effie alicheka mpaka akafuta macho kwa aproni ya jirani. "Sorley angelipia kusikia hii," alisema.

Dugald hakucheka. Aliwasikiliza, akajua wana haki. Akachukua simu yake, akatoka nje kwenye ukumbi wa mbele wenye makoti yaliyolowa, akapiga namba ya malalamiko iliyo nyuma ya tiketi ya treni. Akaambiwa na mashine kwamba simu yake ni muhimu. Akapigiwa muziki wa filimbi. Mwishowe akapokea kijana mmoja, mpole.

"Nikusaidie nini, bwana?"

"Nataka kulalamika kuhusu huduma."

"Pole kwa usumbufu. Ni ile habari ya mti?"

"Sio mti. Mti ni mti. Ni wafanyakazi wenu."

"Walikufanyia nini?"

Dugald akafungua mdomo. "Yule wa kwanza alinipigia saluti."

"Sawa."

"Wa treni alinipa wiski. Ya bure. Nilitaka chai. Na yule wa Inverlochan aliniambia nikakae kwenye joto."

"Kwa hiyo, bwana, walikutukana?"

"Hapana. Walinifurahia."

"Walikufurahia."

"Mno. Toka asubuhi. Hakuna aliyenisikia, wote walikuwa wananifurahia tu, unanielewa?"

"Najaribu," alisema kijana, na ilikuwa kweli anajaribu, Dugald alisikia vidole vyake vikigonga kisha vikasita. "Tatizo ni kwamba hapa nina ucheleweshaji, uchafu, lugha mbaya, na mizigo kupotea. Nikuweke wapi?"

Nyuma ya mlango Tam alikuwa amefika sehemu ya mpishi na heri zake, na kicheko kikapanda. Dugald aliegemeza paji la uso kwenye koti la mtu, koti lenye harufu ya kondoo.

"Nilikuwa nimevaa kilti," alisema. "Nilikuwa nakwenda kumzika kaka yangu. Alikuwa anaitwa Sorley. Amekufa Jumatatu, na tumemzika leo."

Upande wa pili vidole vilinyamaza kabisa. Pumzi ya kijana ilisikika, kisha akasema, "Pole sana, bwana. Pole sana kwa msiba."

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mtu aliye kazini kulisema neno hilo bila kucheka. Dugald alisimama tu kwenye makoti, simu sikioni, akilia kwa namna ya mtu asiyezoea, kwa sauti mbaya.

Kijana alimsubiri. Kisha, kwa sauti ya chini, maana kazi ni kazi, akasema, "Ukiwa tayari, naomba unisomee namba ya tiketi."